Ushuhuda Niliotoa Rongai

Dada yangu alipoitwa kazi ya melini, mama alikodi hema hata kabla hajapimwa medikali. Kwetu karatasi hufuata maombi. Ikisikika tu kwamba mtoto wa fulani amepita intavyu ya kwenda ng'ambo, wanawake wa kanisa wanaanza kugawana kazi ya chapati, na tarehe inatangazwa Jumapili mbele ya watu wote. Ukishaombewa hivyo, wazee wakakuwekea mikono kichwani, kurudi nyuma si jambo unaloweza kuamua peke yako tena. Ni kama kumrudishia Mungu zawadi huku majirani wakitazama.

Maombi yalikuwa Jumamosi, nyumbani kwetu Rongai, upande wa Nakuru. Alhamisi iliyofuata dada angeenda Nairobi kupimwa na kutia sahihi kontrakti ya miezi tisa. Alikuwa na siku tano za kubadili mawazo, na mimi nilikuwa na siku tano za kumwambia jambo nililokuwa nimelificha kwa miaka mitatu.

Maana ni mimi niliyemtia hamu ya meli.

Niliacha shule kidato cha pili. Karo ilikuwa shida, ndiyo, lakini hata ilipopatikana miguu yangu ilikuwa imeshatoka. Nimebeba magunia ya mahindi hapa Rongai. Nimepanga waridi kwenye maboksi Naivasha, vidole vikiwa vimejaa miiba. Nimekaa miezi saba na watu wanaochimba mvuke wa ardhini, kazi yangu ikiwa kuinua bendera nyekundu kusimamisha malori, lakini nikiuliza maswali mpaka injinia mmoja akaanza kuniita profesa. Kila mahali nilikaa hadi nikaelewa mambo yanavyokwenda, halafu nikaondoka. Ajenti mmoja alipokuja kutafuta watu wa dobi kwa meli za watalii, sikujua hata kuogelea. Nilitia sahihi kwa sababu nilitaka kujua kitu kikubwa hivyo kinaeleaje.

Nilijua. Nilijua pia kwamba meli ile huchemsha maji ya bahari ikapata ya kuoga na ya kunywa, na kwamba inapita majira yote bila kungoja mvua wala jua, kwa sababu kukiwa baridi huku inahamia kule, na wageni wanaifuata kwa ndege. Niliuliza kwa nini bendera yetu ilikuwa ya nchi ya visiwa ambayo meli haikuwahi kuikanyaga. Fundi mmoja wa boila, Mhindi wa makamo aliyekuwa na kontrakti kumi na moja nyuma yake, alicheka.

"Bendera ni kama koti la kuazima," aliniambia. "Siku ukidhulumiwa hapa, enda ukashtaki huko kwa mwenye koti. Unajua njia?"

Dobi ilikuwa chini, mahali ambapo maji ya bahari yako juu ya kichwa chako. Hakuna dirisha. Mashuka yalishuka kwa bomba kama vile magunia yanavyoshushwa kwenye lori, tukayafua, tukayapitisha kwenye mashine ya kuyanyoosha, wawili huku na wawili kule, kwa saa kumi au kumi na moja kila siku, miezi tisa bila Jumapili. Nilikuwa na Wafilipino, Waindonesia na mvulana mmoja wa Madagaska. Wageni walikuwa juu yetu, elfu kadhaa, na sisi tuliwajua kwa madoa yao. Mvinyo, chokoleti, dawa ya kuzuia jua. Asubuhi moja nilikuta ndoo za mawaridi zikishushwa kutoka vyumba vya kulia, bado mabichi, yamekaa mezani siku mbili tu. Kwenye kikaratasi kilichobandikwa ndooni kulikuwa kumeandikwa Kenya. Nilitafuta jina la shamba lakini lilikuwa limeloa.

Siku za bandari walinipandisha mlangoni kugawa taulo baridi kwa wageni wanaorudi, na kazi ikiisha niliruhusiwa kushuka kwa saa mbili tatu. Hapo nikaona upande mwingine wa biashara. Katika mji mmoja mdogo, siku tulipofika tulikuta meli mbili zimeshatangulia. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maji ya matunda aliniambia, kwa Kiingereza cha kuokoteza kama changu, kwamba wageni wetu wanashuka wameshiba. Wanapiga picha mlango wa kanisa, wananunua kisumaku cha kubandika kwenye friji, wanatafuta choo, na saa kumi wanarudi kula melini. Nilimwelewa vizuri. Nimekua karibu na ziwa ambalo watu huja kulitazama nusu siku wakiwa na chakula chao cha mchana ndani ya boksi. Mgeni mmoja mzee, alipoona nchi iliyoandikwa kifuani mwangu, aliniuliza kama wale ndege, heroe, bado ni wengi pale Nakuru kiasi cha kufanya ziwa liwe rangi ya waridi. Nilimwambia ndiyo. Ziwa lilikuwa limefura likameza geti na barabara, na heroe wengi walikuwa wamehama, lakini yeye alikuwa amelipa safari ya furaha, na mimi nilikuwa na taulo mkononi.

Hayo yote sikuyaandika nyumbani. Nilituma picha. Picha zote zilipigwa juu kabisa, kwenye sitaha ya bwawa la kuogelea, mahali ambapo mtu wa dobi haruhusiwi. Wageni wakishashuka, mlinzi mmoja alikuwa akitugeuzia mgongo dakika kumi. Tulipanda na shati safi, tukapokezana simu, tukashuka. Ukitazama zile picha utadhani nilipelekwa kustarehe. Mama alizichapisha studio Nakuru. Dada, ambaye wakati huo alikuwa akitandika vitanda kwenye gesti moja ya Milimani, alizitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani.

Halafu baba akafa.

Habari zilinifikia bandarini, katika mji wa Ulaya wenye ngazi nyingi za mawe. Nilimwendea msimamizi wa dobi. Hakuwa mtu mbaya. Alinipa pole, akatazama saa. "Ukitaka, shuka," alisema. "Tiketi ni yako, kontrakti inakatika, na siahidi kama watakuita tena. Tunaondoka saa kumi. Niambie kabla ya saa nane."

Nilishuka kwenda kufikiria. Nilipita kichochoro kimoja nikamwona fundi ameketi mlangoni akitengeneza kufuli la zamani, kubwa kama kitabu, amelifungua tumbo lote. Nilisimama. Nilitaka kuona springi ya ndani inakaa wapi. Alipoona nimevutiwa alinisogezea kigoda. Nilikaa pale kwa zaidi ya saa nzima, baba yangu akiwa mochari Nakuru, nikitazama meno ya kufuli yakisafishwa moja moja. Saa nane ilipita. Nilirudi melini nikavaa ovaroli.

Nyumbani nilipiga simu nikasema tuko katikati ya bahari. Nikasema meli haisimami, na mtu hawezi kushuka hata afe nani.

Basi Jumamosi hiyo hema lilijaa. Watu walikuwa kama mia, viti vya plastiki vimeingia hadi kwenye mahindi. Mama alikaa mstari wa mbele na kitambaa kipya kichwani, mtoto wa dada, msichana wa miaka minne, amemlalia mapajani. Huyo mtoto ndiye angeachwa hapo. Baba yake hayupo na hatumwongelei.

Pasta alishika maikrofoni. "Leo tuna shahidi," akasema. "Kuna mtu wa boma hili aliyetembea juu ya maji kabla ya dada yake."

"Petro wetu!" mzee mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

"Petro alizama, mzee," pasta akamjibu.

"Huyu hakuzama, si unaona tumbo!"

Watu wakacheka. Nikapewa maikrofoni. Nilikuwa nimepanga kusema ukweli mbele ya wote, kwa sababu mbele ya wote nisingeweza kuurudisha. Nilifikiri nikiueleza kwanza ukweli wa dobi kule chini, wa kukosa madirisha na Jumapili, nitapata ujasiri wa kufikia ule mwingine.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amen!"

"Mahali nilipofanya kazi hapakuwa na dirisha."

"Mungu wetu!"

"Nilikaa miezi tisa bila siku ya kupumzika. Hata Jumapili. Sikuingia kanisani."

"Lakini Bwana!" mwanamke mmoja akaitikia, mikono juu.

"Mikono ilichubuka na dawa. Watu huko wanalia chooni ndio wenzao wasiwaone."

"Lakini akakuvusha!"

"Sikuvushwa, mama. Nilivumilia tu. Na ninamwambia dada yangu—"

"Amen! Amen!"

Hapo ndipo nilipotambua kosa langu. Kwetu ushuhuda una umbo lake, kila mtu analijua tangu Sunday school. Unaanza na shimo, unamalizia na mlima. Kadiri nilivyozidi kueleza shimo ndivyo watu walivyozidi kunyoosha shingo kuungoja mlima, na nisipoutaja wao wenyewe waliuweka. Pasta akanichukulia maikrofoni kwa upole, mkono wake begani kwangu.

"Mnasikia, wapendwa? Kutoka chini kabisa, bila dirisha, na leo amesimama hapa amenona! Kama yeye alivuka, dada yake atashindwa?"

"Hawezi!" hema likajibu.

Nilimtazama mama. Alikuwa akifuta machozi ya furaha. Nilikaa chini.

Wageni walipokuwa wakinywa chai nilimfuata dada nyuma ya jikoni. Alikuwa amevua viatu vya sherehe, amechutama akisugua sufuria kubwa ya ndengu kwa waya na majivu. Yeye ndiye aliyekuwa akiombewa, na bado hakuna aliyemwambia aache vyombo.

"Umeongea poa," akasema bila kuinua macho.

"Nilikuwa nakwambia usiende."

"Mbele ya watu mia? Si ungenipigia simu, bro."

"Kuna kitu kingine."

"Sema haraka, naitwa kukata keki."

Nikamwambia. Nilimweleza bandari, msimamizi, saa nane, fundi wa kufuli. Sikuacha kitu. Waya uliendelea kuzunguka ndani ya sufuria kwa muda, kisha ukasimama.

"Ulikuwa umeshuka," akasema.

"Ndiyo."

"Miguu ikiwa kwa ardhi."

"Ndiyo."

"Unajua mwili ulikaa mochari siku kumi na moja? Anko wote walikuwa wanasema tuzike. Mum akakataa. Alikuwa anasema tungoje, labda meli itafika nchi kavu." Akamwaga maji machafu kwenye migomba. "Siku ya kuzika nilitupa udongo mara mbili. Wangu na wako. Mzee wa kanisa akauliza mbona mara mbili, nikamwambia huyu mwingine maji yamemzuia."

Aliisuuza sufuria, akaiinamisha juani.

"Umeniambia ndio nisiende, ama ndio ulale vizuri?"

"Sijui."

"Hata mimi naona hujui." Alikaa juu ya kigogo cha kuni, mikono imejaa majivu. "Sasa skiza. Kuenda ama kutoenda ni yangu. Wewe umeona dunia ukachoka nayo. Mimi nimeona vitanda vya Milimani. Nikitia sahihi Alhamisi nitakuwa nimetia nikijua hakuna dirisha, sawa? Lakini wewe utakaa hapa. Miezi tisa. Si hiyo yako ya miezi mitatu halafu tunasikia uko Turkana unaangalia visima."

"Nitakaa."

"Mtoto akikohoa nijue. Mum akianguka nijue siku hiyo hiyo. Mtu asikae hapa akiamua mimi siwezi kubeba. Kama meli iko bandarini, mimi ndiye nitasema kama nashuka."

"Sawa."

"Na ya Dad utamwambia Mum mwenyewe. Mimi simo."

Kutoka hemani wakaanza kumwita. Aliosha mikono, akavaa viatu vyake, akaenda kukata keki.

Alitia sahihi. Nilimsindikiza hadi uwanja wa ndege, na nilipomwona akipotea kule ndani niliona wivu, jambo ambalo sikulitarajia. Nilirudi Rongai. Nilipalilia, nilimpeleka mtoto nasari na kumrudisha, nilijifunza kumsuka vibaya. Anaponiita anko huwa ananiamrisha. Kila dada alipofika bandarini alipiga simu, na nilimwambia yote, kikohozi, jino lililotikisika, presha ya mama. Kitu kimoja tu sikukifanya. Sikumwambia mama. Kila wiki nilijiambia wiki ijayo.

Mwezi wa nne wa kontrakti yake mtoto alishikwa na nimonia. Ilianza kama homa ya kawaida Jumatatu, na kufikia Jumatano mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Tulimkimbiza hospitali Nakuru, wakamlaza, wakamwekea oksijeni puani. Mama alikaa upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili. Ilipofika adhuhuri ya Alhamisi simu yangu ililia. Ilikuwa dada, kwa ile namba anayotumia akiwa bandarini.

Mama aliweka kiganja chake juu ya simu.

"Mwambie mtoto yuko shule," akasema.

"Mathe, aliniambia nisimfiche."

"Atafanya nini na yuko baharini? Atalia tu. Atachomwa na zile mashine zao akifikiria huku. Si ni wewe ulituambia mtu hawezi kushuka?"

Simu iliendelea kulia.

"Ni wewe ulisema," akarudia. "Baba yako tulimweka siku kumi na moja nikikungoja. Nilielewa. Hata sasa naelewa. Meli haisimami."

"Inasimama, mathe," nikamwambia. "Ilikuwa imesimama. Niliambiwa naweza kushuka, nikakataa."

Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali aliponiona. Kisha akaondoa kiganja chake, taratibu, akakirudisha kwenye mguu wa mtoto.

Nikapokea. Nilimwambia dada nimonia, wodi, oksijeni, tangu jana. Hakulia. Aliuliza joto ni ngapi. Aliuliza daktari amesema nini. Aliuliza kama mtoto ananywa. Halafu akasema, "Niweke nimsikie," na mimi nikaishikilia simu karibu na kifua cha mtoto. Ile pumzi ilikuwa fupi, na ndani yake kulikuwa na mkwaruzo kama wa mtu anayepekua karatasi. Sijui alisikiliza dakika ngapi. Nyuma yake niliweza kusikia muziki wa bandarini, ngoma za kuwapokea wageni.

Nilipoirudisha sikioni alikuwa ameshaanza kuongea na mtu mwingine, kwa Kiingereza, sauti yake kavu. Kisha akanirudia. "Nashuka," akasema, na simu ikakatika.

Alifika Jumapili. Alikuwa amepita viwanja vitatu vya ndege na akaja moja kwa moja hospitali akiwa na sanduku lake. Kufikia hapo dawa zilikuwa zimeshashika. Mtoto alikuwa ameketi kitandani akila ndizi, na alipomwona mama yake alijificha nyuma ya mama yangu, shosho wake, akamchungulia. Ilimchukua nusu saa kutoka huko. Dada alingoja ameketi chini sakafuni, hakumwita.

Melini walimwambia watampigia kukitokea nafasi. Hawajapiga. Amerudi Milimani, gesti ile ile, na jioni nikimkuta nyumbani ananisimulia mambo ambayo mimi sikuyaona kwa sababu yeye aliwekwa vyumbani, juu, ambako kuna madirisha. Anasimulia vizuri, na katikati anakatiza hadithi, anainuka kumfunika mtoto. Anajua kwamba ningesema mtoto yuko shule angekuwa bado kule, na mtoto angepona vivyo hivyo. Nesi alisema mbele yetu sote kwamba hatari ilipita Ijumaa asubuhi, wakati dada alikuwa bado angani. Sijamwuliza kama anajuta. Yeye pia hajaniuliza.

Mama hajasema neno juu ya baba. Haninyimi kitu. Asubuhi bado ananimiminia chai kabla ya watu wote, kama zamani. Tofauti ni kwamba zamani alikuwa akinipa kikombe mkononi, na sasa anakiweka mezani, anageuka, na mimi nangoja atoke ndipo nikichukue.